Mtani Aliyekataa Kanga

Kwa Agripina mgeni wa Kingoni hakukaribishwa kwa heshima hata siku moja. Ulipobisha hodi kwake Fittja, pembeni mwa Stockholm, ulifunguliwa mlango kwa matusi. Alisema kwa sauti ya kusikika ghorofa nzima kwamba wale waliotembea kwa miguu kutoka kwa Wazulu wamefika, wenye kuku wafungie kuku wao. Kuku hakuwapo, nyumba ilikuwa ya ghorofa ya sita na theluji imefika magotini, lakini mzaha ni mzaha. Na Mngoni mwenyewe, ambaye siku zote alikuwa Ladislaus, kwa sababu Wangoni wa Stockholm nzima wakati ule wasingejaza hata teksi, alisimama kizingitini akinusanusa na kuuliza leo wamepika mbwa wa jirani yupi.

Asiyejua utani wa makabila ya Tanzania aelezwe kidogo, maana bila hilo hataelewa kilichotokea. Agripina alikuwa Mhehe wa Iringa, kabila linalotaniwa kwamba hula mbwa. Zamani Wahehe na Wangoni walipigana wakachoshana, na vita vilipokwisha walibaki watani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, akakuvua kofia, akala chakula kilicho mbele yako, nawe huruhusiwi kukasirika. Msibani kwako yeye ndiye atakayecheka karibu na jeneza, na yeye ndiye atakayefanya kazi ambazo ndugu zako hawana nguvu nazo. Harusini anasimama njiani na kuzuia bi harusi asipite mpaka apewe kitu. Akishapokea, lazima apishe. Hiyo sheria haina rufaa.

Agripina alifika Sweden mwaka 1969 akimfuata mumewe Cyprian, aliyepelekwa kusomea ufundi wa simu. Masomo yaliisha, kazi ikapatikana, wakabaki. Yeye alipata kazi ya kufua na kupiga pasi mashuka ya hospitali, kazi ya mvuke na kelele, na mikono yake ikawa laini na myekundu kiasi kwamba alisema mama yake akimwona atadhani amekuwa tajiri. Binti yao Gaudiosa alizungumzishwa Kiswahili akajibu Kiswidi. Cyprian alikuwa mtu mwema mwenye maneno machache. Basi kicheko cha nyumba ile kililetwa na Ladislaus, aliyekuja karibu kila Jumamosi kwa treni kutoka Märsta, ambako aliishi na kusafisha ndege pale uwanjani Arlanda. Watu walipokutana, wao wawili ndio waliokuwa ngoma na mpigaji. Chakula kikishaliwa mtu alisema, haya, Mhehe na Mngoni, na ukumbi ukatulia usikilize.

Jumamosi moja ya Oktoba 1973 Ladislaus alitukanwa mlangoni na hakujibu. Agripina alimtazama, akampa kisu na beseni la viazi. Ladislaus alimenya kadhaa. Kisha akasema hataweza kumwoa yule msichana.

Msichana aliitwa Domina, alikuwa Songea, na mama yake Ladislaus alikwisha kumposa. Watanzania wa Stockholm walikuwa wanachangishana nauli ya kumleta, maana walimhurumia kijana wao, miaka thelathini na mitatu bila mke kwenye baridi ile. Mchango ulisimamiwa na Mzee Mashauri. Uzee wake ulikuwa wa miaka arobaini na sita tu, ila alifika kabla ya wengine wote, na watu walihitaji mzee.

Agripina akaanza kumtania kwamba Mngoni anayeogopa mwanamke si wa kwanza. Ladislaus akamwomba asitanie. Akamwambia habari za Henning, dereva wa basi ambaye wote walimjua kuwa ndiye mwenye nyumba, aliyempangisha chumba kule Märsta.

"Chumba ni kimoja, Agripina," alisema. "Siku zote kimekuwa kimoja."

Tusidanganyane, Agripina hakumkumbatia. Alishtuka, na mikono yake ilibaki ndani ya maji ya viazi kwa sababu hakujua aipeleke wapi. Mambo hayo aliyasikia utotoni kwa minong'ono tu, yakitajwa pamoja na moto wa milele. Halafu hasira ikampanda, na hasira yenyewe ilikuwa ya ajabu: miaka minne mtu huyu amekula mezani kwake, ametukanwa na ametukana, na jambo kubwa kuliko yote hajamwambia. Ndipo akatazama mkono wa Ladislaus. Alikuwa bado anamenya kiazi kilekile, na kilichobaki kilikuwa kidogo kama kokwa.

"Mwizi we," akasema, "unamaliza viazi vyangu."

Ladislaus alicheka, kicheko kikageuka kilio, na Agripina akaufunga mlango wa jikoni ili mtoto asisikie. Akamuuliza anataka afanyiwe nini. Ladislaus akasema anataka mtu mmoja tu ajue. Sasa alikuwa amempata huyo mmoja, na kesho yake wote wawili waligundua kwamba mmoja hatoshi, kwa kuwa nauli ya Domina ilikuwa inakaribia kutimia.

Kwa Kiswidi Ladislaus alikuwa huru kabisa. Sheria ya huko haikumfunga mtu kwa jambo hilo, ijapokuwa madaktari walikuwa bado wanaliita ugonjwa. Kulikuwa na chama cha watu wa namna yao mjini, Henning alimpeleka, akapewa kahawa na kuambiwa asimame wima aseme ukweli wake. Walikuwa watu wema. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyeweza kwenda kuzungumza na Mzee Mashauri, wala kukaa na mama mmoja wa Songea kumwambia mwanao hivi na hivi. Aliandika nyumbani kwamba hataki kuoa. Jibu lilikuwa salamu nyingi, na kwamba hata marehemu baba yake alisema hivyohivyo.

Ndipo Agripina akapata wazo lake. Alilipenda sana wazo hilo, na baadaye alilichukia kuliko kitu chochote alichowahi kukifikiri. Alimwambia aseme kwenye utani. Alimweleza kwamba hapo ndipo mahali pekee duniani ambapo Mngoni anaweza kusema lolote mbele ya watu na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Mimi nitakuchokoza, wewe utajibu, nami nitathibitisha. Wakishtuka watakuwa wamekatazwa kukupiga na mila yao wenyewe. Ladislaus alifikiri, akasema Wahehe kumbe wana akili, ni nani amewapa.

Sikukuu ya Uhuru mwaka ule iliangukia Jumapili. Walikusanyika kwenye ukumbi wa chini wa jengo moja Fittja, bendera ukutani, pilau kwenye masufuria, watoto wakikimbizana kwa Kiswidi. Chakula kilipoliwa mtu akasema, haya, Mhehe na Mngoni. Agripina akasimama. Akawaambia watu wamtazame Mngoni wao, meno bado yapo, mshahara upo, kwa nini haoi?

Ladislaus akasimama na sahani mkononi.

"Sioi kwa sababu simpendi mwanamke," alisema. "Nampenda mwanamume. Anaitwa Henning, ananipenda, tunaishi pamoja kama mtu na mkewe. Naomba msimlete Domina."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Watu walipiga meza. Mzee Mashauri alivua miwani akafuta machozi. Mama mmoja aliinama akashika mbavu akiomba maji. Walikuwa wamesikia utani wa kila aina kati ya hawa wawili, lakini huu ulikuwa umevunja rekodi, na sasa nyuso zote zilimgeukia Agripina, kwa kuwa ilikuwa zamu yake kujibu.

Agripina akasema ni kweli, amesema kweli tupu. Wakacheka zaidi. Akasema hatanii. Hapo dari ilikaribia kuondoka, maana hakuna mtani mkali kama yule anayeapa kwamba hatanii. Alivyozidi kukaza uso ndivyo walivyozidi kufurahi. Ladislaus alisema tena, mara mbili, sauti ikapungua, kisha akafanya kitu ambacho Agripina hakukisahau: akatabasamu, akainama kidogo kama mtu anayeshukuru kupigiwa makofi, akakaa. Agripina naye alikaa.

Mtu mmoja tu hakucheka. Alikuwa Wilkister, Mkenya, Mjaluo aliyealikwa na jirani yake, na hakujua mambo ya watani wala hakuwa na sababu ya kuyajua. Alimfuata Agripina kwenye sinki.

"Sasa nyinyi watu mnachekelea nini?" aliuliza. "Huyo jamaa amesema kitu imemtoa jasho. Nimeona mikono yake."

Agripina alimweleza yote. Wilkister alisikiliza akikausha sahani, kisha akauliza swali ambalo wao wawili, na akili zao zote za Iringa na Songea, hawakuwa wameliuliza.

"Na huyo msichana, nani amemwambia?"

Hakuna aliyemwambia. Walikuwa wamemfikiria kama mzigo unaoweza kuzuiwa bandarini, si mtu anayeaga shuleni anakofundisha na kugawa vyombo vyake. Na kumwandikia hawakuweza, maana barua zote za Songea zilipitia kwa mama yake Ladislaus.

Utani wa Sikukuu ya Uhuru ulisambaa. Watu walimwita Ladislaus bwana wa Henning kwenye vituo vya treni na kumpigapiga mgongoni kwa upendo. Hilo ndilo lililomwumiza Agripina zaidi, ule upendo. Walimpenda kijana wao, walimcheka kwa mapenzi kabisa, na kila alipojaribu kumchukua mama mmoja pembeni amweleze taratibu, yule mama alianza kutabasamu kabla hajafungua mdomo. Alikuwa ametania miaka minne. Sasa alihitaji kuaminiwa siku moja tu, akakuta hana chochote cha kuaminiwa nacho.

Mwezi wa kwanza walikwenda wote wawili Hässelby kwa Mzee Mashauri, wakapanda treni hadi mwisho wa njia. Mzee aliwaona mlangoni akaanza kucheka, akasema sasa wanafanya utani wa nyumba kwa nyumba. Agripina ndiye aliyesema, kwa utulivu, tangu mwanzo hadi mwisho, jina, mahali, miaka. Mzee alicheka mpaka karibu nusu ya habari. Halafu akaacha. Akawamiminia kahawa, akatia sukari bila kuuliza vijiko vingapi, na Agripina akaona wazi usoni mwake kwamba alikwisha kuelewa, na si leo.

"Mama Gaudiosa," alisema, "mimi nimesikia utani. Ukumbi mzima umesikia utani. Utani hauna kesi wala kikao, na Ladislaus anaendelea kula nasi. Mkinilazimisha nisikie kitu kingine, itabidi nifanye kitu. Mnataka nifanye nini?"

Agripina alitaka kusema, mwache awe alivyo na aendelee kula nasi. Ilikuwa sentensi fupi, na angeweza kuisema. Lakini alimtazama mzee, akaona anaogopa, anaogopa kweli, na kwamba kicheko kile ndicho blanketi pekee alilokuwa nalo la kumfunika kijana. Ladislaus alikuwa anafunga vifungo vya koti. Kahawa ilibaki mezani.

Nyumbani alimwambia Cyprian. Cyprian aliweka gazeti mapajani, akasema Mzee amesema vizuri. Akaongeza kwamba yeye hana neno na Ladislaus, na asihusishwe. Usiku ule Agripina alilala akimpa mgongo, na asubuhi alikwenda kufua mashuka ya wagonjwa huku akijisemea maneno yote aliyopaswa kuyasema Hässelby. Kule kwenye mvuke yalikuja mazuri, mengi, kwa mpangilio.

Ladislaus aliendelea kuja Jumamosi, lakini sasa alipobisha hakuna aliyemtukana mwenzake. Agripina alijaribu mara moja, akamwita mla panya, ikasikika vibaya kwenye korido. Alianza kumwita kwa jina lake. Hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Ladislaus alikaa jikoni akisema Henning anamshauri asiende uwanjani siku ya kumpokea bi harusi, na kwamba asipokwenda msichana atakabidhiwa kwa wengine, watamtunza, watamvalisha, watamleta Märsta mlangoni. Kwenda ni kumdanganya, kutokwenda ni kumdanganya pia. Alikuwa amechoka kusema. Aliwahi kusema ukweli wake mbele ya watu wote anaowajua duniani upande huu, na watu walipiga makofi.

Domina alifika Machi, siku ya jua kali na theluji chafu. Walikwenda Arlanda watu wengi, wanawake wamefunga kanga juu ya makoti, mpiga ngoma na ngoma yake, Mzee Mashauri na kofia yake ya manyoya. Ladislaus alivalishwa suti ya mzee, mikono mifupi. Alisimama pale anapofanyia kazi kila siku kama mtu asiyepajua. Agripina alikuja na jambo moja kichwani: njia ikifunguka atasimama katikati, kama mtani anavyopaswa, na hapo, uso kwa uso, atamwambia msichana mwenyewe. Mila ilimpa dakika moja. Hakuwa na kingine.

Mlango ukafunguka, Domina akatokea. Alikuwa msichana mrefu, mwalimu wa shule ya msingi, na koti la kuazima na sanduku lililofungwa kamba. Vigelegele vikapigwa. Agripina akatoka mbele, akapanua mikono.

Akasema hapiti mtu. Akamwambia msichana kwamba mwanamume huyu ana mwenzake, anaishi naye, hatakuwa mume wake hata akivishwa pete kumi, na kwamba wote hawa wameambiwa. Wote hawa walikuwa wanacheka. Ngoma ilikuwa inaitikia kila sentensi. Alisikia maneno yake mwenyewe yakitoka na kugeuka mchezo hewani, yale yale ya Desemba, na akaona hata Domina anatabasamu, kwa adabu, kama mtu aliyefundwa vizuri.

Domina akafungua mkoba wake, akatoa kanga mpya, bado imekunjwa ya dukani.

"Mama mkwe aliniambia kuna Mhehe mmoja atanizuia njia," alisema kwa haya. "Akasema nikupe hii, dada, utanipisha."

Watu wakashangilia. Kanga ilikuwa nzuri, nyekundu na nyeusi. Mama mmoja wa Songea alikuwa ameichagua kwa ajili ya mwanamke asiyemjua, kwa sababu mwanawe alimsimulia habari zake kwa miaka minne. Agripina aliitazama. Mikono yake ilikuwa imekwisha kuinuka kidogo yenyewe, maana ndivyo ilivyofundishwa. Akaikumbuka sheria. Mtani akipokea, anapisha. Lakini mtani asiyepokea si mtani. Hakuna aliyewahi kumwona. Kukataa ndilo jambo pekee ambalo lisingeweza kuchekesha, na bei yake ilikuwa kila Jumamosi ya miaka ile, kuku wa Wazulu na mbwa wa jirani, vyote.

Akarudisha mikono nyuma ya mgongo.

Kwanza walidhani anataka aongezewe. Mtu akatupa sarafu miguuni pake, akaziacha. Mtu akasema Wahehe wana tamaa. Ngoma ikapiga, ikasubiri, ikapiga tena kidogo. Mkono wa Domina ulikuwa bado umenyooka.

"Chukua, Mama Gaudiosa," akasema Mzee Mashauri, taratibu sana.

"Sichukui."

"Kwa nini hupokei, dada?" akauliza Domina.

"Kwa sababu sitanii."

Ngoma ikanyamaza. Domina akamtazama Ladislaus kwa mara ya kwanza, na Ladislaus, ndani ya suti ile fupi, akasema, "Anasema kweli. Nisamehe." Hakuna aliyecheka. Kwa hiyo hatimaye waliaminiwa, na Agripina, aliyeingojea saa hii kwa majira mazima ya baridi, aliona jinsi inavyoonekana. Mzee Mashauri alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena, akatoka nje kwenye mabasi bila kumtazama mtu. Mama aliyepiga vigelegele kuliko wote alimvuta mwanawe. Waliondoka wawili wawili, bila kuaga. Cyprian alimshika mkono Gaudiosa, mtoto akauliza kwa Kiswidi kwa nini mama haji, na baba yake akamjibu twende. Hata mpiga ngoma aliondoka, ngoma kwapani, akijitahidi isilie.

Walibaki watatu. Wasafiri wengine waliwazunguka wakipita. Ladislaus alikuwa analia bila sauti, huru mbele ya watu wasiomjua, na Agripina alitaka kumshika lakini msichana alikuwa amesimama katikati yao na kanga yake, na sasa alianza kuikunja upya, pindo kwa pindo, ingawa ilikuwa imekwisha kukunjwa.

"Basi, dada," alisema alipomaliza, "mimi nani atanipokea?"

Agripina akaitoa mikono nyuma ya mgongo, akainama, akashika sanduku.